Kiputo Kisichofika Amina

Bibi yangu alinisaliti, nami nimeijua habari hiyo wiki iliyopita, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto na duka, na yeye akiwa amelala chini ya migomba yake miaka mingi sasa. Hebu niambie wewe, rafiki yangu, mtu kama huyo utamgombeza wapi?

Nilikuwa nimetoka Kemondo, ninakouza sabuni, mafuta ya kula na takataka nyingine za nyumbani, nikaenda Izigo kukiangalia kibanja chetu. Kibanja kwetu Wahaya ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na hiki nilichokulia mimi kimeingiwa na ugonjwa wa mnyauko. Ilibidi nitafute watu wa kung'oa migomba iliyougua kabla haijaambukiza mingine. Nilikwenda na binti yangu kwa kuwa shule zimefungwa. Wakati mimi napatana na vibarua, yeye akakata bua la jani la mpapai, akakoroga sabuni kwenye kikombe, akakaa kizingitini kupuliza viputo.

Jirani alikuwa amekuja kutusalimu. Ni mzee wa makamo ya bibi, mkamuaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu sijazaliwa, siku hizi anatembea na fimbo na macho yamepungua. Lakini viputo aliviona. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ni mwanao huyu? Ndiyo maana! Amekurithi wewe na mapovu yako." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kile kibuyu chako bado nakikumbuka. Bibi yako alikileta kwenye shimo langu la ndizi asubuhi ya Krismasi, akakifukia humo mpaka mlipokaribia kutoka misani. Waitu, yule mama alikupenda wewe!"

Alisema kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi aliyokuwekea siku nyingi. Mimi nikakaa chini pale pale kando ya binti yangu. Vibarua wakadhani jua limenizidi, mmoja akaniletea maji.

Ili uelewe kwa nini nilikaa chini, inabidi turudi nyuma pamoja mpaka nyumba hii ilipokuwa na watu.

Nililelewa na bibi tangu nikiwa mdogo kabisa, maana wazazi wangu walikuwa visiwani wakihangaika na biashara ya samaki. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na kuku. Sebule ilitandikwa nyasi kavu, na Jumamosi tulipobadilisha nyasi nyumba nzima ilinukia kama kilima baada ya mvua. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji chemchemini, kugeuza kahawa iliyoanikwa uani, na kumenya ndizi, kazi ambayo iliniachia vidole vyeusi vya utomvu ambao hakuna sabuni iliyouweza. Jioni tulikula ndizi na maharage mabichi kwenye jani la mgomba, yeye akinisogezea upande wenye mchuzi mwingi huku akijifanya hakuona. Nilimpenda, sitaki ufikirie vinginevyo. Ningeambiwa nichague kati yake na mbingu, ningeuliza kwanza kama yeye atakuwepo huko.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa bila kutafuna amwani, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, ambazo mgeni kwetu hupewa kabla hajaulizwa habari. Unajua buni za tunda moja hukaa mbili mbili, zimegusana matumbo. Zamani wanaume wa kwetu wakitaka kuwa ndugu walikuwa wakila omukago: kila mmoja anakula buni moja ya tunda lile lile ikiwa na damu ya mwenzake, na tangu hapo hawafichani wala hawadhuriani. Siku moja bibi alipasua tunda, akanipa buni moja, yeye akatafuna ya pili. Akaniambia, "Sisi ni wanawake, damu tunaiona ya kutosha, ya kwetu itakuwa bila damu. Lakini imeshika. Sasa usinifiche kitu, nami sikufichi." Alicheka aliposema, kwa sababu bibi na mjukuu ni watani. Mimi sikucheka. Niliimeza ile buni kama ninavyopokea komunyo.

Sasa, habari ya viputo. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua, na binti wa baba mkubwa, tuliyelingana naye umri, alikuwa akija kwetu na beseni lake kutoka nyumba ya bondeni. Tulipomaliza kufua tulikata mabua ya mipapai tukapuliza mapovu. Neno kiputo hatukulijua, hilo alituletea shangazi baadaye. Mchezo wetu ulikuwa kushindana nani kiputo chake kitaishi zaidi. Unalowesha jani la mgomba, unakipuliza kiputo juu yake taratibu mpaka kinakaa kama msonge, ile nyumba ya mviringo ya wazee wetu, halafu unalitoa bua bila kukitikisa. Saa hatukuwa nayo. Tulipima kwa Salamu Maria. Kiputo kikipasuka kwenye "umejaa neema" kilikuwa cha aibu. Kikifika "utuombee sisi wakosefu" tulianza kuminyana mikono. Cha kufika Amina tulikiona mara chache sana, na siku hizo tulikwenda nyumbani tumenyoosha shingo.

Katika likizo ya katikati ya mwaka shangazi alikuja kutoka Bukoba. Alikuwa mwalimu wa sayansi, anakaa Nshambya, hana mtoto, na nyumbani kwake kulikuwa na kitanda kimoja cha ziada. Alitaka kuchukua mtoto mmoja wa ukoo akasome mjini, kwenye shule yenye vitabu na walimu wa kutosha. Kila mtu alijua ni mimi au binti wa baba mkubwa, maana darasani tulikuwa tukipokezana nafasi ya kwanza. Bibi aliombwa achague akakataa. Akasema wajukuu si magunia ya kahawa, yeye hawezi kuwapima.

Basi shangazi akatukuta uani na mabua yetu. Akachuchumaa, akatazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hiki kimekaa na kile kimekufa upesi. Binti wa baba mkubwa akasema ni upepo. Mimi nikasema sijui.

"Wote hamjui," shangazi akasema. "Vizuri. Nitakuja Krismasi. Kila mmoja anionyeshe kiputo kinachokaa, na aniambie kinakaa kwa nini. Atakayenionyesha na kunieleza, huyo nitaondoka naye."

Nilikuwa nimeshafika Bukoba mara moja tu, kwenye ubatizo. Nilichokumbuka ni taa na duka lenye madaftari yaliyopangwa mpaka darini. Tangu siku ile nikaanza kuota lile duka.

Nikaanza kuchunguza. Kwanza nilidhani ni sabuni, nikabadilisha kipande cha mche na kipande kingine, hakuna tofauti. Kisha nikadhani ni pumzi yangu. Lakini nikagundua kwamba Jumamosi tukiwahi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, viputo vinakaa. Mchana, maji ya beseni yakishapigwa na jua, vinapasuka kama vimetukanwa. Siku moja bibi aliniambia nioshe sufuria kwa maji ya jikoni. Nikapuliza kiputo kutoka kwenye maji yale ya moto, kikafa hata sijavuta pumzi ya kusali.

Nikatafuta vikombe. Kimoja maji ya moto kutoka jikoni, kimoja maji yaliyokaa juani, kimoja maji ya chemchemi. Sabuni kiasi kile kile. Nikakaa kivulini nyuma ya jiko na jani langu, nikasali kama mtawa. Cha maji ya moto hakikuvuka neema. Cha maji ya jua kilijitahidi kidogo. Cha maji ya chemchemi kilikwenda, kikaenda, rangi zake zikizunguka, kisha pale juu kikatoka upara, rangi zikateremka chini, na hapo ndipo kikapasuka, Amina ikiwa imeshapita. Nikarudia siku nyingine, na nyingine. Ikawa vile vile.

Sababu niliipata kwenye kamba ya kuanikia. Shati likianikwa juani hukauka upesi, likianikwa kwenye ukungu linakaa bichi mpaka unachukia. Kiputo nacho nguo yake ni maji. Yakiwa ya moto yanakimbilia hewani, nguo inakuwa nyembamba, inachanika. Yakiwa ya baridi yanatulia. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo. Nilipolipata nilikimbia kibanja kizima nikirukia mafungu ya majani makavu kama mwendawazimu.

Ilibaki shida moja. Sabuni kwenye maji ya baridi haiyeyuki vizuri, inaelea vipande vipande. Nikapata njia: naiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, kisha naimimina kwenye kibuyu, naziba kwa jani la mgomba, nakifukia kwenye majani yaliyooza chini ya mgomba, kunakokuwa na ubaridi hata mchana. Asubuhi yake maji yamepoa kabisa na sabuni imo ndani. Kibuyu ganda lake ni nene, kinatunza baridi. Kinatunza na joto pia, ila hilo sikuwa na sababu ya kulifikiria.

Binti wa baba mkubwa sikumwambia, yalikuwa mashindano. Bibi nilimwambia, kwa kuwa tulikula buni moja. Nilimweleza yote, tukiwa tunachambua maharage: vikombe, shati, kibuyu, na mgomba niliochagua. Alinisikiliza mikono imesimama kwenye ungo. Akaniuliza, "Kwa hiyo yakiwa ya moto hakikai?" Nikamwambia hakikai hata kidogo. Akasema, "Una akili, mwana wange," akarudi kwenye maharage yake. Niliona amenuna kidogo, nikadhani ni mgongo.

Asubuhi ya Krismasi bibi hakwenda misani. Bibi yangu, ambaye aliwahi kwenda kanisani ana homa mpaka padri akamrudisha, alisema mguu unamsumbua, na tena nani atapika. Nikamwacha jikoni amezungukwa na ndizi. Nilipita kwenye mgomba wangu, nikagusa majani, kibuyu kipo. Kanisani niliimba kwa nguvu zangu zote.

Tuliporudi, ukoo mzima ulikaa uani kwenye mikeka. Shangazi alivaa saa mkononi, lakini binti wa baba mkubwa akamwambia sisi tunapima kwa Salamu Maria, watu wakacheka na shangazi akakubali. Nilikwenda kuchukua kibuyu. Kilikuwa pale pale, kimefunikwa vile vile. Nikakibeba kwa kamba yake ya nyasi.

Mimi nilianza. Nilisimama mbele yao nikaeleza. Nilieleza shati na ukungu, nikasema maji ya moto yanakimbia na ya baridi yanatulia, nikaona shangazi anainua nyusi, anamtazama baba mkubwa. Nilijua nimeshashinda. Nikachovya bua, nikapuliza juu ya jani. Midomo ikahisi uvuguvugu, nikadhani ni hofu yangu mwenyewe. Watu wakaanza kusali pamoja, wakubwa kwa watoto.

Kilipasuka kwenye "Bwana yu nawe."

Nikarudia. Kikapasuka kabla ya hapo. Mara ya tatu watoto wakaanza kucheka, na mimi nikapuliza kwa pupa hata hakikukaa kwenye jani. Binti wa baba mkubwa akaja na kikombe chake cha plastiki, maji aliyochota chemchemini njiani akitoka kanisani. Akapuliza, kikafika Amina, kikaendelea kukaa watu wakipiga makofi. Alipoulizwa kwa nini, akasema labda kwa sababu ni Krismasi. Watu wakacheka zaidi.

Shangazi aliniita kando. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia, "Maneno yako yalikuwa mazuri mno. Lakini mtu asiseme kitu kikubwa namna ile kabla hajakiona kwa macho yake." Nilitaka kumwambia nimekiona. Lakini mbele ya watu wote maji yangu ya baridi yalikuwa yamekataa, na mimi nilikuwa mtoto. Nikaanza kuamini kwamba sikuwa nimeona kitu.

Kesho yake shangazi akaondoka na binti wa baba mkubwa. Sina kinyongo naye, leo ni mwalimu wa chuo huko Mwanza na tunapigiana simu. Mimi nilirudi kwenye kahawa. Kibuyu nilikipiga chini kikapasuka, na bibi aliokota vipande vyake kimoja kimoja, akavitia motoni. Siku hiyo alinichinjia jogoo wake wa pekee. Nilipolia aliniweka mapajani, mkubwa kama nilivyokuwa, akaniambia, "Mungu alitaka ubaki na mimi." Maneno hayo aliyarudia miaka yote. Nikifaulu kidogo, nikifeli, nikirudi na mvua, nikiugua: Mungu alitaka ubaki na mimi. Mungu wa watu, alivyosingiziwa.

Na miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Ningekuwa niliteseka ningemchukia tu nikamaliza. Lakini tulikimbizana na senene mvua za mwisho wa mwaka, mimi na yeye, yeye akianguka kwenye matope na kucheka. Alinifundisha kusuka mikeka. Tulilala kitanda kimoja radi zilipopiga. Kila ninachokikumbuka kwa utamu kinatoka kwenye miaka ile, miaka aliyoinyakua kwa kibuyu cha maji ya uvuguvugu. Shule yetu ilikuwa na walimu wachache na madawati machache zaidi, na mimi kwenye somo la sayansi sikuinua mkono tena. Mwalimu akiuliza nilikuwa najua, halafu najiambia ulishawahi kujua hivyo hivyo. Nikamaliza darasa la saba nikaishia hapo.

Pale kizingitini nilimwomba jirani anieleze polepole. Akanieleza, bado anatabasamu. Alikuwa amechoma moto kwenye shimo lake mkesha ule ili aivishe ndizi za rubisi ya mwaka mpya. Ndivyo tunavyofanya: unalipasha shimo, unatoa moto, unatandika majani, unapanga ndizi, unafukia, na joto linakaa humo siku kadhaa kama chini ya kuku anayeatamia. Bibi alikuja na kibuyu kimefungwa kwenye majani, anatembea vizuri na mguu wake mgonjwa. Jirani alipomwuliza kama ni pombe, alisema ni dawa. Baadaye alimwambia ukweli.

"Alisema, 'Huyu akienda, nitazungumza na nani? Na kuku?'" Jirani akatikisa kichwa. "Alilia hapo shimoni, mama wa watu. Nikamwambia mbona usimwombe mtoto abaki? Akasema, 'Nikimwomba atabaki, halafu siku moja ataniuliza kwa nini nilimwomba.'"

Hapo ndipo niliposhindwa. Maana ni kweli, bibi, ungeniomba ningebaki. Ningelia siku mbili, nikabaki, na ningekuwa nimebaki mwenyewe. Duka lile la madaftari ningelitoa mimi kwa mkono wangu. Wewe ulitaka nibaki na pia nisikudai, ukaona bora nijione mjinga kuliko nikuone wewe unaniomba. Na silaha uliyonipigia nilikuwa nimekupa mimi, juu ya ungo wa maharage, kwa sababu ya buni moja.

Jirani alipoondoka nilimwambia binti yangu alete maji ya bombani. Chemchemi siku hizi imejengewa, vibuyu havilimwi tena, tulitumia chupa ya soda. Tuliyeyusha sabuni kwenye maji ya chai, tukaifukia chupa chini ya mgomba mmoja uliokuwa bado mzima, tukangoja mpaka jioni. Nikapuliza juu ya jani. Binti yangu hajui kupima kwa Salamu Maria, ana simu, lakini nilisali mimi kwa sauti. Kikapita neema, kikapita wakosefu, kikapita saa ya kufa kwetu, kikapita Amina. Nikaanza tena mwanzo nacho bado kipo, upara unatoka taratibu juu yake. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona unalia, si kimekaa?" Nikamwambia ndiyo, kimekaa. Nilikuwa nimeona sawa.

Kaburi la bibi liko hapo hapo kibanjani, nyuma ya jiko. Tangu tumzike, kila nikifika Izigo nilikuwa napasua tunda la kahawa lililokaushwa, buni moja naiweka juu ya saruji, moja naitafuna nikimpa habari za duka na za mtoto. Watu wa rika langu wananicheka, wengi hata amwani hawatafuni tena, wanapenda pipi. Mimi sikuacha hata mara moja.

Kabla hatujaondoka nilikwenda. Nikasimama, nikapasua tunda. Sikumpa habari yoyote. Nilizitafuna zote mbili, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda barabarani kungoja gari la Kemondo.